Tathmini ya huduma ya eksirei: picha hupigwa vizuri, maelezo kwa mgonjwa bado hayatoshi

Kati ya vipimo ambavyo mgonjwa hutumwa kufanyiwa hospitalini, eksirei ni miongoni mwa vile vinavyokwisha haraka zaidi, na pia ni miongoni mwa vile ambavyo mgonjwa huelezwa machache zaidi. Anapewa fomu, anaonyeshwa mlango, anaambiwa avue, asimame, avute pumzi na aizuie, kisha anatakiwa akasubiri nje. Tathmini hii inaipima eksirei kama huduma nzima, kuanzia pale daktari anapoandika ombi la picha mpaka pale mgonjwa anapokaa tena mbele ya daktari huyo na kuelezwa kilichoonekana. Maoni yangu nayaweka wazi mapema. Kwa upande wa kazi yenyewe ya kupiga picha, huduma hii inastahili sifa kubwa, kwa maana ni ya haraka, kwa kawaida haiumi, na hutumia kiasi kidogo cha mionzi kuliko watu wengi wanavyodhani. Kwa upande wa mawasiliano, imeachwa nyuma, na pengo hilo humuumiza mgonjwa, kwa sababu picha nzuri na majibu sahihi hutegemea mambo mengi ambayo mgonjwa mwenyewe ndiye anayeyajua.

Kwanza tuangalie kile ambacho mashine inafanya. Mwanafizikia Wilhelm Conrad Röntgen aliigundua mionzi hii mjini Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895, na kabla mwaka huo haujaisha alikuwa amekwishapiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa na pete vikionekana waziwazi. Vifaa vimebadilika sana tangu hapo, lakini kanuni ni ile ile. Ndani ya bomba lisilo na hewa, elektroni husukumwa kwa nguvu kubwa ya umeme zikagonga bamba la tangsteni. Karibu asilimia 99 ya nishati yake hugeuka joto, na kiasi kidogo kinachobaki ndicho kinachotoka kama mionzi ya eksirei. Mionzi hiyo hupita mwilini na kupokelewa upande wa pili na kaseti (kasha lenye filamu) au bamba la kidijitali. Mfupa una kalsiamu nyingi, kwa hiyo huzuia sehemu kubwa ya mionzi na huonekana mweupe. Hewa iliyomo mapafuni huiacha mionzi ipite, kwa hiyo mapafu huonekana meusi. Misuli, maji na damu huonekana kwa rangi za kijivu zinazokaribiana kiasi kwamba ni vigumu kuzitenganisha.

Tofauti hizo za weupe na weusi ndizo zinazoamua kipimo hiki kinaweza nini na hakiwezi nini. Kinaonyesha vizuri mfupa uliovunjika, sehemu ya pafu iliyojaa majimaji badala ya hewa, au sarafu iliyomezwa na mtoto. Hakiwezi kuonyesha kano iliyochanika, neva iliyobanwa wala ubongo uliojeruhiwa. Mgonjwa anayelielewa jambo hili hatakata tamaa akiambiwa kwamba eksirei yake haina kasoro ilhali goti bado linamuuma, wala hatashangaa daktari akimwandikia altrasaundi (picha ya mawimbi ya sauti) au skani ya MRI (picha ya sumaku) baada ya hapo.

Huduma nzuri ya eksirei huanzia kwenye fomu ya ombi, na hapa ndipo ninapoona upungufu wa kwanza. Fomu iliyoandikwa maneno mawili tu, kwa mfano "eksirei ya kifua", inamwacha daktari wa radiolojia asome picha bila kujua anatafuta nini. Fomu inayoeleza kwamba mgonjwa amekohoa kwa wiki 3, anatokwa na jasho usiku na amepungua uzito inamwelekeza macho kwenye sehemu za juu za mapafu, ambako kifua kikuu hupenda kujificha nyuma ya mtulinga. Picha ni moja, lakini msomaji aliyeelezwa historia huiona kwa uangalifu tofauti. Mgonjwa hawezi kuiandika fomu hiyo mwenyewe, ila anaweza kumweleza daktari mahali hasa panapouma, siku maumivu yalipoanza, jinsi alivyoanguka na upasuaji aliowahi kufanyiwa, na akikuta fomu imeachwa wazi anaweza kuyarudia hayo yote kwa mtaalamu wa mionzi anayempiga picha.

Ni haki yake pia kuuliza swali ambalo wengi huliona kama utovu wa adabu: picha hii inatafuta nini, na majibu yake yatabadilisha nini katika matibabu yangu? Swali hilo linaafikiana kabisa na misingi inayofuatwa na wataalamu wenyewe. Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi, iliyoanzishwa mwaka 1928, inataka kila matumizi ya mionzi yawe na sababu inayozidi madhara yake, na kiasi cha mionzi kiwe kidogo kadiri inavyowezekana bila kuharibu ubora wa picha. Kwa hiyo daktari anayemjibu mgonjwa kwa utulivu anatimiza wajibu wake.

Wakati mwingine jibu la kweli la swali hilo ni kwamba picha haihitajiki, angalau kwa sasa. Mtu mwenye maumivu ya kiuno yaliyoanza karibuni, asiye na homa, asiyepungua uzito bila sababu, asiyekuwa na historia ya saratani wala kuanguka vibaya, ambaye miguu yake haijafa ganzi wala kupoteza nguvu na ambaye haja zake hazijavurugika, kwa kawaida hashauriwi kupigwa eksirei ndani ya wiki 6 za mwanzo, kwa kuwa maumivu ya namna hiyo mara nyingi hupoa na picha haibadilishi matibabu. Vivyo hivyo kwa kifundo cha mguu kilichoteguka. Kanuni zilizotungwa mjini Ottawa, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1992 zinamtaka daktari abonyeze sehemu maalumu za mifupa ya kifundo na aangalie kama mgonjwa anaweza kutembea hatua 4. Mifupa isipouma inapobonyezwa na mgonjwa akaweza kutembea, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana. Nawasifu madaktari wanaochukua dakika chache kufanya uchunguzi huo badala ya kumtuma kila mtu kwenye mashine, na nasikitika kwamba wagonjwa wengi hutoka kwao wakidhani wamenyimwa huduma. Kuchunguzwa kwa mikono ni huduma, na mara nyingine ndiyo iliyo bora.

Suala la mionzi ndilo linalotia hofu zaidi. Mionzi ya eksirei imeorodheshwa miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, na si haki kumficha mgonjwa jambo hilo. Lakini kiasi ndicho kinachoamua uzito wa hatari. Kila mwanadamu hupokea mionzi ya asili kutoka angani, ardhini, kwenye chakula na kwenye hewa anayovuta, wastani wa dunia ukiwa karibu milisieverti 2.4 kwa mwaka (milisieverti ni kipimo cha mionzi inayoufikia mwili). Picha moja ya kifua huongeza takriban milisieverti 0.1 au pungufu, yaani kiasi ambacho mtu angekipata kwa kuishi tu kwa muda wa karibu wiki mbili. Mionzi ya picha ya kiganja au ya mguu ni pungufu sana kuliko hiyo, na ya picha ndogo ya jino vilevile. Picha za uti wa mgongo sehemu ya kiuno hufika karibu milisieverti 1.5, ambacho ni kiasi cha zaidi ya nusu mwaka, na ndiyo maana zinahitaji sababu nzito zaidi. Skani ya CT (picha za kompyuta zinazoonyesha mwili tabaka kwa tabaka) ya tumbo na nyonga, ambayo nayo hutumia mionzi ya eksirei ingawa wengi hawalijui hilo, huweza kufika milisieverti 8 hivi. Kwa hiyo mtu anayeogopa picha moja ya kifua huku akiomba skani ya CT kwa ajili ya kujiridhisha tu ameipindua hofu yake.

Mionzi haibaki mwilini baada ya picha, kama vile mwanga wa taa usivyobaki chumbani taa inapozimwa. Mama anayenyonyesha anaweza kumnyonyesha mtoto wake mara tu anapotoka, na hakuna haja ya kujitenga na watoto wala kunywa chochote cha "kusafisha" mwili.

Lakini kuna jambo ambalo wagonjwa hulishuku kila siku, nao wanastahili jibu la kueleweka. Wanauliza: ikiwa mionzi hii ni kidogo kiasi hicho, mbona mtaalamu anajificha nyuma ya ukuta? Sababu ni kwamba mgonjwa hupigwa picha moja au mbili na kuondoka, naye ndiye anayefaidika nazo. Mtaalamu hupiga picha za watu wengi kila siku, mwaka baada ya mwaka, na hanufaiki kiafya na hata moja kati ya hizo. Ndiyo maana mapendekezo ya kimataifa yamemwekea mfanyakazi kikomo cha wastani wa milisieverti 20 kwa mwaka, ukipimwa kwa kipindi cha miaka 5, lakini hayajaweka kikomo cha namna hiyo kwa mgonjwa, kwa kuwa kumnyima picha anayoihitaji kunaweza kumdhuru kuliko mionzi yenyewe. Mtaalamu anayelieleza hili kwa sentensi mbili kabla ya kufunga mlango huondoa shaka ambayo ingemsumbua mgonjwa kwa miaka. Bado sijaelewa kwa nini maelezo mafupi kama hayo hayabandikwi kwenye ukuta wa kila chumba cha kusubiria.

Kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa, swali la ujauzito ni la lazima, na namna linavyoulizwa ni kipimo kizuri cha ubora wa kituo. Linapaswa kuulizwa faraghani, si kwenye foleni mbele ya mama mkwe au ndugu, maana mwanamke aliyeaibishwa atasema "hapana" hata pale asipokuwa na hakika. Naye mgonjwa aseme ukweli kamili: tarehe ya hedhi ya mwisho, kama imechelewa, kama anajaribu kupata mtoto. Ujauzito hauzuii kila picha. Katika picha ya mkono, mguu, meno au kifua, mfuko wa uzazi uko nje ya njia ya mionzi. Miongozo ya madaktari wa uzazi wa Marekani inaeleza kwamba madhara kwa mtoto aliye tumboni hayajaonekana katika viwango vya chini ya miligrei 50 (miligrei ni kipimo cha mionzi inayofyonzwa na mwili), ilhali picha ya kifua ya mama humfikishia mtoto kiasi kisichozidi miligrei 0.01. Picha za tumbo, nyonga na kiuno ndizo zinazohitaji kufikiriwa upya: je, zinaweza kusubiri, au altrasaundi inaweza kutosha? Na mwanamke anayegundua kwamba alikuwa mjamzito siku alipopigwa picha amweleze daktari wake ili kiasi cha mionzi kikadiriwe, na asikimbilie uamuzi wowote kwa hofu, kwa sababu eksirei ya kawaida peke yake si sababu ya kuitoa mimba.

Watoto nao wana stahili zao. Chembe zao zinagawanyika kwa kasi na wana miaka mingi mbele yao, kwa hiyo mashine lazima irekebishwe kulingana na ukubwa wa mwili wao, wala isiachwe katika vipimo vya mtu mzima. Mzazi ana haki ya kuuliza kama jambo hilo limefanyika. Ana wajibu pia: kumweleza mtoto mapema kwamba hakuna sindano, kumvisha nguo zisizo na vifungo vya chuma, na akiombwa amshike, avae aproni ya risasi (metali nzito inayozuia mionzi) na ahakikishe kwamba yeye mwenyewe si mjamzito. Mtoto anayetikisika hulazimu picha irudiwe, na kurudia ndiko kunakoongeza mionzi pasipo faida.

Kuhusu aproni hiyo, kumetokea mabadiliko ambayo yamewachanganya wagonjwa, na ni wajibu wa vituo kuyaeleza. Kwa miongo mingi mgonjwa alifunikwa sehemu za uzazi kwa kipande cha risasi, na wengi wetu tulikua tukiamini kwamba kituo kisichofanya hivyo ni kizembe. Mwaka 2019 chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani kilitoa tamko la kutaka zoea hilo lisitishwe, na mwanzoni mwa mwaka 2021 baraza la taifa la kinga dhidi ya mionzi la nchi hiyo likapendekeza vivyo hivyo kwa picha za tumbo na nyonga. Mwaka 2024 chama cha madaktari wa meno cha Marekani nacho kikaacha kupendekeza aproni na kinga ya shingo. Sababu zao zina mashiko. Mashine za sasa hutumia mionzi kidogo sana kuliko zile za zamani. Sehemu kubwa ya mionzi inayofika mahali pasipolengwa hutawanyika ndani ya mwili wenyewe, ambako aproni iliyo juu ya ngozi haiwezi kuizuia. Tena aproni ikisogea kidogo huziba kile kinachotafutwa, au huifanya mashine inayojirekebisha yenyewe iongeze mionzi badala ya kuipunguza. Kwa hiyo mgonjwa asiyefunikwa asihesabu kwamba amedharauliwa. Kinga iliyo kubwa zaidi ni kubana mwale wa mionzi uangukie sehemu inayohitajika tu, na mgonjwa anaweza kuiona kwa macho yake: ni lile pande la mwanga lenye pembe nne linalomulikwa mwilini kabla ya picha. Mwanga unaofunika mwili mzima kwa ajili ya kidole kimoja unastahili kuulizwa.

Maandalizi ni mepesi. Kwa eksirei ya kawaida hakuna kufunga kula wala kuacha dawa. Kinachohitajika ni kuondoa kila kitu kinachoweza kuacha kivuli: mkufu, hereni, pini za nywele, miwani, simu mfukoni, sidiria yenye vyuma, mkanda, na hata nywele zilizosukwa zikaangukia shingo na mabega, kwa kuwa msuko mnene huweza kuonekana kama doa juu ya pafu. Mwenye chuma mwilini kutokana na upasuaji, au mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, hana cha kuogopa katika eksirei, tofauti na skani ya MRI ambako lazima aseme kabla hajaingia. Lakini akitaja mapema, msomaji wa picha hatababaishwa na anachokiona. Kituo kinachojali humpa mgonjwa gauni safi, mahali pa kubadilishia palipo na pazia linalofunga, na mahali salama pa kuweka vitu vyake. Nimeshaona sehemu ambako mgonjwa hutakiwa kuvua katikati ya chumba huku mlango ukifunguliwa na kufungwa, na hakuna uzuri wa mashine unaoweza kufidia udhalilishaji huo.

Ndani ya chumba, maagizo yanayoonekana ya ajabu yana maana. Kwa picha ya kifua, mgonjwa husimama kifua chake kikigusa bamba, mashine ikiwa nyuma yake kwa umbali wa karibu sentimita 180, kwa sababu mkao huo huufanya moyo uonekane kwa ukubwa unaokaribia ule wa kweli. Mgonjwa anayepigwa akiwa amelala kitandani, mionzi ikitokea mbele, moyo wake huonekana mkubwa kuliko ulivyo, na msomaji asiyejua hivyo anaweza kumpa ugonjwa asiokuwa nao. Mikono huwekwa kiunoni na mabega husukumwa mbele ili mifupa mipana ya mabega iondoke juu ya mapafu. Pumzi huvutwa kwa nguvu na kuzuiwa ili mapafu yatanuke na sehemu za chini zifunguke. Pumzi ndogo hulifanya pafu zima lionekane kama lenye maradhi. Mgonjwa asiyeweza kusimama, anayesikia kizunguzungu au asiyesikia vizuri aseme mapema ili mbinu nyingine itumike. Mionzi yenyewe hudumu kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Kwa mifupa, picha hupigwa angalau kutoka pande mbili, kwa sababu ufa usioonekana kutoka mbele huweza kuonekana wazi kutoka ubavuni. Mgonjwa aliyeumia huombwa kugeuza kiungo kinachouma, na hapa ndipo utu wa mtaalamu unapoonekana. Aliye mahiri husogeza mashine na bamba kumfuata mgonjwa kadiri inavyowezekana, huweka sifongo chini ya mkono, na hueleza kila hatua kabla ya kumgusa. Nimewahi kumwona mtaalamu mmoja akipiga magoti ili azungumze na bibi mmoja aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu, akamwonyesha kwa mkono wake mwenyewe namna ya kuuweka mguu, na picha ikapatikana kwa mara moja. Mgonjwa naye asivumilie kimya. Akiona maumivu yamezidi aombe dawa ya kutuliza kabla ya kuendelea, kwani hakuna tuzo ya kustahimili na mguu unaotetemeka hutoa picha yenye ukungu.

Utambulisho ni jambo dogo kwa muda na kubwa kwa matokeo. Mtaalamu makini humwomba mgonjwa ataje mwenyewe jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa, badala ya kumtajia jina na kungoja aitikie, maana mtu aliyechoka kwenye foleni huitikia hata jina lisilo lake. Nilipomsindikiza mzee wa familia yetu katika kituo fulani, picha aliyokabidhiwa ilikuwa na jina la mtu mwingine kwenye kona, na iligundulika kwa sababu tu mzee huyo husoma kila karatasi anayopewa. Ni vyema kila mgonjwa afanye kama yeye: aangalie jina, tarehe, na alama ya upande wa kulia au kushoto, ambayo ndiyo inayomwelekeza daktari wa mifupa kwenye mguu unaostahili kutibiwa.

Baada ya picha huja sehemu ambayo naipa alama za chini kuliko zote, nayo ni majibu. Mgonjwa hukabidhiwa bahasha au diski, na mara nyingi huondoka akiamini kwamba picha ndiyo majibu. Picha ni malighafi. Majibu ni ripoti iliyoandikwa na daktari wa radiolojia, yenye maelezo ya kilichoonekana na hitimisho lake. Mtaalamu aliyepiga picha ana ujuzi mwingi, lakini katika sehemu nyingi hana mamlaka ya kutoa ugonjwa kwa jina, kwa hiyo si haki kumbana mlangoni au kuusoma uso wake kama ramli. Swali linalofaa ni hili: picha hii itasomwa na nani, na ripoti itatoka lini? Katika dharura, picha husomwa kwanza na daktari aliyepo zamu, na daktari wa radiolojia huipitia baadaye na pengine kuona ufa uliopitwa. Kwa sababu hiyo mgonjwa aache namba ya simu inayopatikana, na asidhani kwamba akipigiwa simu kesho yake kuna mtu aliyekosea kwa uzembe. Mpango huo wa kusoma mara mbili umewekwa makusudi kwa usalama wake.

Ripoti isiyo na kasoro nayo ina mipaka yake. Kuna kimfupa kidogo kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ambacho kikivunjika huenda kisionyeshe ufa wowote siku ya kwanza; daktari mwenye uzoefu hukifunga mkono huo na kurudia picha baada ya siku 10 hadi 14, wakati ufa unapoanza kujitokeza. Mbavu zilizovunjika hupitwa mara kwa mara katika picha ya kifua. Nimonia iliyoanza leo inaweza isionekane leo. Kwa hiyo maneno "hakuna kilichoonekana" yasimfanye mgonjwa ayapuuze maumivu yanayozidi, homa isiyoshuka au pumzi inayokata. Arudi, na aseme waziwazi kwamba hali imebadilika.

Upande wa pili, ripoti huweza kutaja mambo mengi yanayotisha ambayo hayana uhusiano na tatizo. Mtu aliyevuka umri wa makamo akipigwa eksirei ya uti wa mgongo, ni kawaida kukuta pingili zimesogeleana au zimeota vinundu vya mfupa, na mabadiliko hayo huonekana pia kwa watu wengi wasiosikia maumivu yoyote. Nimewajua watu walioacha kuinama na kubeba watoto wao kwa sababu ya sentensi moja ya ripoti ambayo hakuna aliyewaeleza. Daktari aliyeomba picha ndiye anayepaswa kukaa na mgonjwa na kumwambia lipi katika ripoti linahusu maumivu yake na lipi ni alama ya miaka tu. Asipofanya hivyo huduma haijakamilika, hata kama picha ilikuwa safi kama kioo.

Katika miaka ya karibuni, programu za kompyuta zimeanza kusoma picha za kifua pia. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba programu hizo zinaweza kutumika badala ya msomaji binadamu katika kuchuja kifua kikuu kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Naona ni hatua njema, hasa pale ambapo daktari wa radiolojia hapatikani, mradi mgonjwa aelezwe kwamba kompyuta inachuja tu: ikiona dalili, bado atahitaji kipimo cha makohozi ili ugonjwa uthibitishwe.

Jambo la mwisho ni utunzaji wa picha, ambalo vituo hulitaja kwa nadra na wagonjwa hulipuuza. Filamu isikunjwe wala kuachwa juani, na picha ya kidijitali iombwe katika diski au faili halisi. Picha iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye kioo cha kompyuta hupoteza tofauti zile ndogo za kijivu ambazo daktari anazihitaji. Kila anapokwenda kupigwa picha mpya, mgonjwa abebe ya zamani pamoja na ripoti yake, kwa kuwa kulinganisha ndiko kunakotoa majibu mengi ambayo picha moja haiwezi. Kidoa kigumu pafuni kinachoonekana kwa mara ya kwanza humlazimu daktari kuandika skani ya CT na pengine kutoa kipande cha nyama kwa uchunguzi. Kidoa hicho hicho, kikionekana kwa ukubwa ule ule katika picha ya zaidi ya miaka 2 iliyopita, kwa kawaida huchukuliwa kuwa kovu la zamani au uvimbe usio na madhara, na mgonjwa huruhusiwa kurudi nyumbani bila kuguswa na sindano.